Gundi ya gasketi: Bidhaa ndogo inayoamua faida ya pikipiki kuukuu

WAFANYABIASHARA wa vipuri na wawekezaji wadogo wanaonunua pikipiki kuukuu kwa lengo la kuzifufua katika njia panda ya Nangurukuru, wilayani Kilwa, wana kila sababu ya kuiangalia upya bidhaa ambayo kwa kawaida huandikwa mwisho katika orodha ya manunuzi, nayo ni gundi ya kuzibia maungio ya injini.

Gundi hiyo, ambayo wengi huiita silikoni hata pale isipokuwa silikoni, ni sehemu ndogo sana ya gharama za kufumua injini. Pistoni, ringi, beringi na kuchonga silinda ndivyo vinavyomeza fedha. Hata hivyo, injini iliyofungwa kwa gundi isiyo yake inaweza kuvuja oili ndani ya wiki moja, na mbaya zaidi, inaweza kuua beringi mpya zilizonunuliwa kwa fedha nyingi.

Chanzo kikuu cha hasara hiyo ni mazoea ya kutumia aina moja ya gundi kwenye kila ungio. Injini moja ya pikipiki ina maungio ya namna tatu au nne tofauti, na kila moja lina mahitaji yake. Duka lenye aina moja tu ya tyubu kwenye rafu linamuuzia fundi jibu moja kwa maswali manne.

Soko la njia panda

Nangurukuru iko takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Hapo barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara hukutana na ile inayoteremka Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, na ndipo inapoanzia njia ya kwenda Liwale. Mahali pa namna hiyo ni soko la pikipiki kwa asili yake. Abiria anayeshuka basi huhitaji kufika kijijini, na mkulima anayevuna huhitaji kufikisha gunia ghalani.

Mahitaji hayo hupanda na kushuka kwa misimu. Msimu wa ufuta huanza katikati ya mwaka na wa korosho hufuata kuanzia miezi ya Oktoba na Novemba. Katika vipindi hivyo pikipiki iliyosimama kwa mwenye chombo ni hasara ya kila siku, kwani hesabu ya jioni haiji na dereva huanza kutafuta chombo kingine.

Upatikanaji wa vipuri nao una historia yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mzigo wa kusini ulivuka Mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na magari yaliweza kusubiri muda mrefu wakati wa mafuriko. Daraja na lami vimepunguza adha hiyo, lakini hazijaimaliza. Mwezi Mei 2024, katika mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika katika maeneo ya wilaya ya Kilwa na mawasiliano na Dar es Salaam yakasimama. Duka linalotegemea kuagiza tyubu moja moja kutoka Kariakoo hujikuta mikono mitupu katika siku kama hizo.

Injini zinazofufuliwa

Ingawa pikipiki mpya kutoka India na China ndizo zilizotawala barabara, pikipiki za zamani bado zina soko la aina mbili. Lipo la mtu anayetaka chombo cha kazi kwa mtaji mdogo, na lipo la mpenzi wa vyombo vya kale anayelipa zaidi kwa ajili ya uhalisia wake.

Katika kundi la kwanza, Honda CG125 ina nafasi ya pekee. Ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na injini yake ya kusukuma valvu kwa vijiti ilibuniwa ili istahimili matunzo hafifu na ufundi wa kawaida. Viwanda vingi vya China viliunda injini kwa mfano huo, na ndiyo maana vipuri vinavyokaribiana nayo bado vinapatikana kwa bei nafuu. Mnunuzi hana budi kupima kila kipuri kabla ya kukifunga, kwa kuwa kufanana si kulingana.

Kundi jingine ni la Yamaha za mipigo miwili, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, kama AG100 na DT za zamani. Katika injini hizo kuziba maungio ni suala la uhai wa injini yenyewe, kama itakavyoelezwa.

La mwisho ni la pikipiki za Kiingereza, kama BSA Bantam iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1948. Hizo ni chache na hutafutwa na wapenzi wa vyombo vya kale. Nusu mbili za kesi yake hukutana chuma kwa chuma bila gasketi ya karatasi, hivyo gundi ndiyo kizibo pekee kilichopo.

Aina nne za gundi

Gundi zilizopo madukani, hata zikiwa na majina mengi, huangukia katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni silikoni. Hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani na kuwa kama mpira. Hujaza mianya mikubwa kiasi, hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi na bei yake huwa ya chini. Udhaifu wake mkubwa ni petroli. Silikoni iliyoloa petroli huvimba, hulegea na hatimaye hubanduka. Kwa hiyo haifai kwenye kabureta, kwenye koki ya tangi, wala kwenye kesi ya injini ya mipigo miwili ambamo petroli hupita.

Kundi la pili ni gundi zinazokauka kwa kukosa hewa. Hizi hubaki majimaji zikiwa wazi, lakini zikibanwa kati ya chuma na chuma hugeuka kuwa ngumu. Loctite 518 ni mfano unaojulikana. Sifa yake kubwa ni kwamba ziada iliyomwagikia ndani ya injini haikauki, bali huchanganyika na oili na kuondoka. Sharti lake ni nyuso mbili zilizonyooka barabara, kwani mwanya wa zaidi ya robo milimita hauiwezi. Aidha, haikusudiwi kwa karatasi wala koki. Ni ya chuma kwa chuma.

Kundi la tatu ni gundi zinazokauka nusu, ambazo watengenezaji wa pikipiki wa Japani wenyewe huziagiza katika vitabu vyao vya ufundi. Yamabond ya Yamaha na bidhaa za Three Bond zimo humo. Hupakwa nyembamba pande zote mbili, huachwa zishike kidogo, kisha kesi hufungwa. Baada ya kufungwa hubaki na unyumbufu, na zile zinazoagizwa kwa ajili ya kesi za mipigo miwili huvumilia petroli.

La nne ni gundi zisizokauka kabisa, kama Hylomar ya buluu, ambayo asili yake ni kazi ya Rolls-Royce katika injini za ndege. Faida yake kwa fundi ni kwamba ungio linaweza kufunguliwa na kufungwa tena bila kukwangua sana. Inafaa kupakwa nyembamba juu ya gasketi ya karatasi.

Ipo pia gundi ya kale ya sheliki, itokanayo na utomvu wa wadudu wa India, ambayo mafundi wa pikipiki za Kiingereza waliitumia kwa miaka mingi. Inaziba vizuri, lakini hukauka na kuwa ngumu kama kioo, na kuiondoa siku ya kufungua tena ni kazi ya kutwa nzima.

Kila ungio na dawa yake

Kwa mwekezaji anayesimamia kazi bila kuwa fundi, jambo la kuuliza ni ungio gani linazibwa, na lina gasketi au halina.

Pale kiwanda kilipoweka gasketi ya karatasi katikati ya nusu mbili za kesi, kama ilivyo kwa CG125, gasketi hiyo irudishwe. Unene wa karatasi ile ni sehemu ya vipimo. Ukiitoa na kuweka gundi peke yake, nusu mbili zitasogeleana, na shafti za gia zinaweza kubanwa kwa pembeni. Injini itazunguka kwa uzito tangu siku ya kwanza na beringi zitalipa gharama hiyo. Gasketi iliyo safi, juu ya nyuso zilizo safi, haihitaji zaidi ya mpako mwembamba wa gundi isiyokauka, na mara nyingi hata huo hauhitajiki.

Pale ambapo hakuna gasketi, kama kwenye kesi za Yamaha za mipigo miwili na BSA, ndipo gundi inapobeba kazi yote. Kwa Yamaha hizo ni gundi inayokauka nusu, ya aina inayotajwa na kitabu cha mtengenezaji. Kwa BSA ambayo nyuso zake bado zimenyooka, gundi ya kukauka kwa kukosa hewa au isiyokauka zote zinaweza kufaa. Zikiwa zimekwaruzwa na miaka ya bisibisi, ile inayokauka nusu ina nafasi nzuri zaidi.

Hapa ndipo injini ya mipigo miwili inapotofautiana na nyingine. Kesi yake ya chini hufanya kazi kama pampu. Huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa, kisha huusukuma juu kwenye silinda. Mwanya mdogo kwenye kesi hauonekani kwa tone la oili chini. Huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko hupungukiwa petroli na oili, joto hupanda, na pistoni hukwama au kutoboka. Mwenye chombo atadhani pistoni ilikuwa mbovu na atanunua nyingine, nayo itakwenda njia ileile. Dawa ni kupima kabla ya kufunga injini kwenye fremu: milango ya kuingizia na kutolea moshi huzibwa, hewa ya nguvu ndogo sana hupulizwa, na maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio. Povu litaonyesha penye tatizo.

Kava la klachi na kava la magneti huwa na gasketi na huloana na oili tu. Hapo silikoni nyembamba inaweza kutumika endapo gasketi halisi haipatikani na kava halibebi vipimo vya shafti yoyote.

Gasketi ya kichwa cha silinda haipakwi silikoni. Hapo kuna moto wa mlipuko wenyewe, na kinachohitajika ni gasketi mpya, kichwa kilichonyooka na bolti zilizokazwa kwa mpangilio wa msalaba, hatua kwa hatua. Gasketi ya shaba tupu inaweza kurudishwa ulaini kwa kuichoma hadi iwe nyekundu kwa mbali na kuipoza, lakini iliyokwisha kukunjwa au kuliwa na moto haina thamani tena.

Ziada ndiyo adui

Mnunuzi wengi wa pikipiki iliyofufuliwa hukagua nje ya injini. Akiona mstari mnene wa silikoni umetokeza pande zote, huridhika kwamba kazi imefanyika kwa moyo. Kinyume chake ndiyo kweli. Gundi iliyotokeza nje kwa unene wa kidole imetokeza na ndani kwa kiasi hichohicho.

Kipande cha silikoni kilichokauka ndani hukatika kikaelea kwenye oili. Safari yake huishia kwenye chujio la waya la pampu, au kwenye vijia vyembamba vinavyopeleka oili kwenye beringi na valvu. Kijia kikizibwa, oili haifiki, na chuma husaga chuma. Ndiyo maana injini yenye gundi nyingi inaweza kuwa kavu kwa nje na bado ikafa mapema.

Kipimo kizuri ni mstari mwembamba unaoendelea bila kukatika, unaozunguka kila tundu la bolti, na kuacha wazi kila tundu la oili. Kwa silikoni, muda wa kukauka unaoandikwa kwenye tyubu mara nyingi ni saa 24. Kumwaga oili na kuwasha injini jioni ileile ni kuitupa kazi.

Kabla ya hayo yote kuna usafi. Mabaki ya gasketi ya zamani yalowekwe yalainike, kisha yakwanguliwe kwa kitu kisichochimba alumini. Kuyakwangua yakiwa makavu kuna hatari, kwa kuwa baadhi ya gasketi za miaka ya nyuma zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Mwisho, nyuso zifutwe kwa thina hadi kitambaa kitoke kikiwa safi. Hakuna gundi inayoshika juu ya oili. Katika ukanda wa pwani, ambako hewa ya chumvi hula alumini, nyuso zenye vishimo zinahitaji kusawazishwa kwa msasa uliowekwa juu ya kioo bapa. Gundi haigeuki kuwa chuma.

Hesabu ya mwenye mtaji

Ili kuona uzito wa jambo hili, mfano ufuatao umewekwa kwa ajili ya hesabu tu; kila mmoja aweke bei za siku na mahali pake.

Chukulia tyubu ya silikoni ya kila kazi ni Sh. 3,000/- na gundi inayostahili ungio husika ni Sh. 15,000/-. Kila tyubu inatosha injini nne. Tofauti kwa injini moja, basi, ni Sh. 3,000/-.

Sasa injini imevuja na kufunguliwa tena. Ufundi ni Sh. 30,000/-, seti ya gasketi Sh. 10,000/-, oili Sh. 10,000/-, na siku tatu bila hesabu ya Sh. 7,000/- kwa siku ni Sh. 21,000/-. Jumla ni Sh. 71,000/-, bila kugusa beringi wala pistoni.

Kwa hesabu hiyo, injini moja tu kati ya ishirini ikirudi kwa ajili ya gundi, hasara iliyogawanywa kwa zote ni Sh. 3,550/- kwa kila injini. Akiba ya Sh. 3,000/- imekwisha kuliwa na zaidi. Kwa injini ya mipigo miwili, ambapo mwanya hugharimu pistoni na kuchonga silinda upya, hasara hufika mapema zaidi.

Mfano huo hausemi kwamba gundi ya bei kubwa ndiyo bora kila mahali. Silikoni ghali ikiwekwa penye petroli itashindwa sawasawa na ile rahisi. Namba ya joto iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tyubu nayo huwapotosha wanunuzi: oili ya injini inayopozwa kwa hewa huwa karibu au zaidi kidogo ya nyuzi 100, kiwango ambacho gundi zote nne hukimudu. Kinachotenganisha gundi ni petroli, ukubwa wa mwanya na uwepo wa gasketi.

Rafu na ghala

Kwa mwenye duka, bidhaa hii ina tabia ambazo vipuri vya chuma havina. Ina umri. Tarehe ya mwisho huandikwa kwenye kikunjo cha tyubu au chini ya chupa, na mzigo unaouzwa kwa punguzo kubwa unafaa kuangaliwa hapo kwanza.

Unyevu wa pwani ni rafiki na adui wa silikoni. Huisaidia kukauka kwenye injini, lakini tyubu iliyofunguliwa na kurudishwa rafuni huganda mdomoni upesi. Anayeuza kwa kupima kidogo kidogo anapaswa kuhesabu upotevu huo katika bei.

Gundi inayokauka kwa kukosa hewa ina tabia ya kinyume. Chupa yake haijazwi hadi juu, na plastiki yake hupitisha hewa kwa makusudi. Baadhi ya wanunuzi hulalamika kwamba wamepunjwa, ilhali nafasi ile ya hewa ndiyo inayoizuia isigande. Kuihamishia kwenye kopo la chuma ni kuiua. Watengenezaji hushauri ihifadhiwe kati ya nyuzi 8 na 21, kiwango ambacho duka la bati la Kilwa halikifikii mchana. Kwa hiyo inunuliwe kidogo kidogo na ikae kwenye kona yenye ubaridi, mbali na dirisha.

Silikoni ya madirisha na mabomba isichanganywe na ya injini rafuni. Nyingi kati ya hizo hutoa harufu kali ya siki zinapokauka. Harufu hiyo ni asidi, na asidi hula alumini na shaba.

Kuhusu bidhaa bandia, njia salama ni kununua kwa muuzaji anayetoa risiti na kuitunza. Mwenye shaka anaweza kufikisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), ambayo kazi zake ni pamoja na kupambana na bidhaa bandia, au kwa Shirika la Viwango (TBS) kuhusu ubora.

Kinachoshauriwa

Duka la vipuri katika njia panda kama Nangurukuru halihitaji mtaji mkubwa kubadilika. Tyubu chache za silikoni ya injini, moja au mbili za gundi inayokauka nusu, chupa ndogo ya inayokauka kwa kukosa hewa, na tyubu ya isiyokauka, zinatosha kuanzia. Ongezeko lifanywe kabla ya msimu wa ufuta na ule wa korosho, na kabla ya mvua za masika, pale barabara inapokuwa shakani.

Kwa upande wa mwekezaji, mapatano na fundi yataje aina ya gundi kama yanavyotaja aina ya pistoni, na yaruhusu saa 24 za kukauka kabla ya injini kuwashwa. Anayenunua pikipiki iliyokwisha kufufuliwa afungue kwanza koki ya oili na kuangalia chujio. Vipande vya mpira vikionekana humo, bei ya chombo hicho inapaswa kushuka kwa gharama ya kufungua injini nzima.